Kumsifu mchezaji mweusi kwa nguvu na kasi: kosa liko wapi?

Swali: Natangaza na kuchambua soka redioni, hasa ligi za Ulaya. Hivi karibuni mwenzangu studioni aliniambia kwamba nikiwataja wachezaji weusi sina jingine ila "nguvu", "kasi", "mapafu" na "mnyama", na kwamba kwa kufanya hivyo naeneza dhana za kibaguzi. Nilishtuka. Mimi mwenyewe ni mweusi na nilidhani nawasifu. Je, sifa nazo zimekuwa ubaguzi? Na kama mwenzangu ana hoja, nitajipimaje?

Jibu: Mwenzako ana hoja, japo kila sentensi uliyotamka, ikichukuliwa peke yake, huenda ni ya kweli. Winga Adama Traoré ana kasi, na mtangazaji anayeficha hilo anamnyima msikilizaji haki yake. Cha kuangalia ni mgawanyo: nani anapewa neno lipi, mara ngapi, na neno gani halimfikii kamwe. Kumsifu mtu kwa mwili ni nusu ya maelezo. Nusu iliyobaki, ya akili, uamuzi na uongozi, ndiyo inayompa mtu nafasi ya kuongoza mchezo, kiti kwenye benchi la ufundi na, kama utakavyoona, hata fidia ya matibabu baada ya kustaafu.

Mgawanyo huo umeshahesabiwa. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza (PFA), ilichambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za msimu wa 2019/20, kutoka ligi kuu za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Waliotajwa ni wachezaji 643, wakapangwa kwa weupe au weusi wa ngozi. Ilipozungumzwa nguvu, uwezekano wa kumlenga mwenye ngozi nyeusi ulikuwa mara 6.59 ya ule wa mwenye ngozi nyeupe. Kwenye kasi ulikuwa mara 3.38. Sasa geuza upande wa pili: katika sifa zote za akili ya mpira, asilimia 62.60 ziliwaendea wenye ngozi nyeupe, na katika lawama zote za akili, asilimia 63.33 ziliwaendea wenye ngozi nyeusi. Takwimu hizi uzisome pamoja. Anayeishia kwenye ile ya nguvu huona sifa tupu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mtangazaji huliuliza: je, kama kweli wana nguvu zaidi na watangazaji wanaeleza tu wanachokiona? Kuna jaribio lililotenganisha macho na dhana, na linakuhusu wewe moja kwa moja kwa kuwa lilitumia redio. Mwaka 1997 Jeff Stone na wenzake, Marekani, waliwasikilizisha watu matangazo yaleyale ya redio ya mechi ya mpira wa kikapu ya vyuo. Waliambiwa wamfuatilie mchezaji mmoja. Baadhi walionyeshwa picha ya mchezaji mweusi, wengine ya mweupe. Sauti ile ile, mpira ule ule. Walioamini ni mweusi walimwona ana mwili wa kimichezo zaidi na amecheza vizuri zaidi. Walioamini ni mweupe walimwona anautumia ubongo zaidi na anajituma zaidi. Uwanjani hakikubadilika kitu. Msikilizaji alikuja na dhana yake mkononi, akaitafutia ushahidi.

Dhana zenyewe hazina hata uthabiti. Zama za kwanza za ndondi za kulipwa Marekani, mabondia weusi walidaiwa kuwa dhaifu wa moyo, watu wasiostahimili kipigo, na mabingwa kadhaa weupe wa uzito wa juu walikataa kupanda nao ulingoni. Bondia mweusi Jack Johnson alipotwaa ubingwa wa dunia 1908, kisha akampiga Jim Jeffries, bingwa wa zamani mweupe, kule Reno tarehe 4 Julai 1910, dai lile lilikosa pa kusimama. Baada ya Jesse Owens kushinda dhahabu nne Berlin mwaka 1936, likaja jipya lililo kinyume chake: kumbe mtu mweusi ameumbwa kukimbia na kuruka. Dean Cromwell, mmoja wa makocha wa riadha wa Marekani kwenye michezo hiyo, aliandika 1941 kwamba hapo si zamani mbio na kuruka vilikuwa suala la kufa na kupona kwa mtu mweusi porini. Wakati huohuo W. Montague Cobb, mtaalamu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Howard, alikuwa ameshampima Owens mwenyewe na kukuta misuli ya shavu la mguu na mifupa ya mguu wake haifanani na ile iliyodaiwa kuwa ya "mguu wa mtu mweusi". Alichapisha matokeo yake mwaka uleule wa 1936. Wenye dhana hawakumsikiliza.

Kwenye mbio ndefu ilikuwa vilevile. Mtu mweusi alihesabiwa kuwa wa mbio fupi tu, asiye na pumzi wala nidhamu ya umbali. Abebe Bikila akashinda marathoni ya Rome 1960 bila viatu na kurudia Tokyo 1964, Kipchoge Keino akashinda mita 1,500 Mexico City 1968, na baada ya muda hadithi ikageuka: Waafrika wa Mashariki wamezaliwa na mbio ndefu. Dhana inayoweza kueleza jambo na kinyume chake haielezi chochote.

Watu siku hizi hukimbilia jeni, basi tuiguse. Inayotajwa zaidi ni ACTN3, maarufu kama jeni ya kasi, inayotengeneza protini moja kwenye nyuzi za misuli zinazojikunja haraka. Kweli, takriban Waafrika wote waliopimwa kusini mwa Sahara wanayo protini hiyo. Lakini wanayo pia takriban Wazungu wanne kati ya watano, na Wakenya, wanaosifika kwa marathoni, wanayo karibu wote. Jeni inayopatikana kwa watu wengi kiasi hicho haiwezi kukwambia kwa nini huyu ni winga wa Ligi Kuu na yule ni mpita njia. Ongeza kwamba Afrika ina utofauti mkubwa wa kijenetiki kuliko bara lolote, hivyo "mwili wa mtu mweusi" kama aina moja ya mwili haupo.

Tuje kwenye madhara, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi hudhani yanaishia kwenye hisia.

Mahali yanapoonekana waziwazi zaidi ni mgawanyo wa nafasi. Kwenye mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeusoma ulinzi wa wapinzani na kuamua mpira uende wapi. Kwa miongo mingi nafasi hiyo ilifungwa kwa weusi, huku wakijazwa kwenye zile zilizohesabiwa kuwa za mbio. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alipata nafasi Denver Broncos baada ya majeruhi, akatupa pasi 14 za alama katika msimu wake wa kwanza. Msimu uliofuata Denver haikumpa nafasi ya kuigombea kazi hiyo. Aliondoka, akaenda Buffalo na kugeuzwa mpokeaji wa pasi, na hakuanza tena kama kwotabeki. Warren Moon, mwaka 1978, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikampokea 1984. Leo yumo kwenye jumba la heshima la ligi hiyohiyo. Doug Williams alishinda Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 1988 kama kwotabeki wa kwanza mweusi kufanya hivyo, akachaguliwa mchezaji bora wa mchezo.

Usiseme hayo yamepita. Lamar Jackson, mshindi wa tuzo kubwa kuliko zote ya mpira wa vyuo mwaka 2016, aliingia usajili wa chipukizi 2018 huku mtendaji mstaafu mwenye heshima kubwa, Bill Polian, akisema hadharani kwamba abadilishwe awe mpokeaji. Walichukuliwa makwotabeki wanne kabla yake; yeye akawa wa 32 kati ya wachezaji wote. Msimu wa 2019 alipigiwa kura zote 50 za mchezaji bora wa ligi. Ukirudia maelezo aliyopewa kabla ya usajili utayatambua mara moja: miguu, miguu, miguu.

Soka nalo lina rekodi yake. Mwaka 1991 Ron Noades, mwenyekiti wa Crystal Palace, alisema kwenye televisheni kwamba weusi wanaleta ufundi na mbwembwe, lakini timu inahitaji weupe wa kuipa ubongo na akili ya kawaida. Novemba 2014 Willy Sagnol, akiwa kocha wa Bordeaux, alieleza faida za kile alichokiita mchezaji wa kawaida wa Kiafrika: ni wa bei nafuu, yuko tayari kupambana, ana nguvu. Kisha akaongeza kwamba soka si hayo tu, ni ufundi, akili na nidhamu pia. Soma kauli ya Sagnol pole pole. Haina tusi hata moja. Imeanza na sifa.

Kutoka nafasi ya mchezaji dhana huhamia kwenye kazi ya kocha na mtendaji. Al Campanis, mtendaji wa Los Angeles Dodgers, aliulizwa kwenye televisheni tarehe 6 Aprili 1987, katika kumbukumbu ya miaka 40 ya Jackie Robinson kuwa mweusi wa kwanza wa zama za kisasa kuingia ligi kuu ya besiboli, kwa nini hakuna mameneja weusi. Akajibu kwamba huenda hawana baadhi ya sifa zinazohitajika. Siku mbili baadaye alikuwa hana kazi. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Campanis aliwahi kucheza na Robinson na kumheshimu. Hakuwa na chuki naye. Alikuwa na orodha kichwani ya nani anafaa kwa kazi ipi, na orodha hiyo ilitosha.

Na sasa ile fidia. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha mpango wa NFL kuwalipa wastaafu walioathirika ubongo kwa vipigo vya kichwa. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika kumbukumbu na fikra (dementia) angeweza kulipwa hadi dola milioni 3. Ili alipwe, mstaafu alifanya vipimo vya kumbukumbu na fikra, na alama zake zikalinganishwa na za watu "wa aina yake" ili kuona ameporomoka kiasi gani. Kwa mstaafu mweusi, madaktari waliweza kutumia kigezo kilichodhani kwamba weusi huanza na uwezo wa chini. Fuatilia hesabu: wanaume wawili wanapata alama zilezile, mweupe anaonekana ameporomoka, mweusi anaonekana yuko palepale alipokuwa tangu mwanzo. Mmoja analipwa, mwingine hapati kitu. Kevin Henry na Najeh Davenport, waliowahi kuichezea Pittsburgh Steelers, walifungua kesi Agosti 2020. NFL iliahidi kuacha kigezo hicho Juni 2021, na Machi 2022 jaji alikubali mabadiliko. Kwa hiyo dhana kwamba mtu mweusi ni mwili zaidi ya ubongo iliandikwa kwenye jedwali la hospitali na ikahesabiwa kwa dola.

Nje ya uwanja kuna dhana ya pili, ya mtu wa fujo na mfujaji. Desemba 2018 Raheem Sterling, wakati huo winga wa Manchester City, aliweka mtandaoni vichwa viwili vya habari vya gazeti moja, kuhusu wachezaji vijana wawili wa klabu hiyo walionunua nyumba. Phil Foden, mweupe, alielezwa kuwa amemnunulia mama yake nyumba ya pauni milioni 2. Tosin Adarabioyo, mweusi, ambaye naye alimnunulia mama yake, alitajwa mshahara wake wa wiki, bei ya pauni milioni 2.25, na kwamba hajawahi kuanza mechi ya Ligi Kuu. Tendo moja, hadithi mbili. Ukiwa mchambuzi utaikuta dhana hii kwenye maneno "hana nidhamu", "anajisikia", "ana hasira", na ndiyo inayosahaulika zaidi watu wanapojipima.

Umesema wewe ni mweusi. Naelewa kwa nini unadhani hilo linakukinga, lakini kasumba hii tumeirithi sote kupitia matangazo yaleyale, na hata mchezaji mwenyewe humwingia. Mwaka 1999 Stone na wenzake waliwapa wanafunzi jaribio la gofu. Weusi walioambiwa linapima akili ya kimichezo walifanya vibaya zaidi kuliko weusi wasioambiwa hivyo. Weupe walioambiwa linapima kipaji cha asili cha mwili nao walishuka. Mipira ilikuwa ileile. Maelezo tu yalibadilika, na maelezo ndiyo kazi yako.

Namna ya kujipima. Chukua rekodi za mechi zako tano, zichaguliwe na mtu mwingine ili usiokote zile nzuri. Andika kila kauli inayomtathmini mchezaji anayetajwa kwa jina. "Anapiga pasi kwa Saka" ni maelezo tu, iache. "Pasi ya akili" ni tathmini, iandike. Sentensi yenye tathmini mbili ihesabu mbili. Kisha zipange katika makundi matano: mwili, ufundi, akili na uongozi, juhudi, tabia. Weka alama ya sifa au lawama. "Kipaji cha kuzaliwa" kiingie kundi la mwili, maana kinamwondolea mtu jasho la mazoezi. Majina yafutwe kabla ya kupanga, vinginevyo utapanga kwa dhana ileile unayoitafuta. Rangi na nafasi ya mchezaji viongezwe mwishoni.

Mpe mwenzako kauli 50 azipange peke yake. Mkitofautiana kwa zaidi ya 10, mipaka ya makundi yenu haieleweki. Kaeni muiandike upya kabla ya kuendelea.

Hesabu nyingi huharibikia mahali patatu. Kwanza, mtu hujumlisha tu bila kugawa kwa dakika za mchezo. Timu yenye weusi wanane itatoa kauli nyingi kuwahusu hata kama mtangazaji ni mwadilifu kabisa. Gawa kwa dakika ambazo wachezaji wa kila kundi walikuwa uwanjani. Pili, kulinganisha winga na beki wa kati. Mawinga husifiwa kasi popote walipo, kwa hiyo linganisha winga na winga, kiungo na kiungo. Tatu, mchezaji mmoja wa pekee anaweza kuvuta matokeo yote, basi fanya hesabu mara mbili, pamoja naye na bila yeye. Kundi lenye kauli chini ya kumi lisikupe hitimisho lolote; ongeza mechi.

Angalia pia majina ya heshima, kwa sababu hayo ndiyo yanayobaki masikioni. Nani wako ni "fundi", nani ni "profesa", na nani ni "mnyama", "faru" au "mashine"? Maneno ya wanyama yaondoe kabisa kwa wachezaji wote. John Barnes alirushiwa ndizi akiwa na Liverpool mwaka 1988, na Mei 2023 Vinícius Júnior wa Real Madrid aliitwa nyani na mashabiki uwanjani Mestalla, nyumbani kwa Valencia, watatu kati yao wakahukumiwa kifungo cha miezi minane mwaka uliofuata. Huwezi kulitenga neno lako na historia hiyo, hata ukilitamka kwa upendo.

Dawa ya kudumu ni kueleza kitendo badala ya umbo. Mshambuliaji kama Romelu Lukaku anapokea mpira mgongo ukiwa golini. Njia rahisi ni kusema "amemshinda beki kwa nguvu". Tazama tena: kabla pasi haijaondoka ameshatupa jicho begani, amemgusa beki kwa mkono ajue yuko upande gani, ameweka mguu wa mbali na beki mbele, amesubiri beki aegemee, kisha amegeuka upande ambao uzito wa beki haupo. Nguvu ipo, lakini ilikuja mwisho. Au kiungo N'Golo Kanté, aliyeshinda Ligi Kuu na Leicester 2016 na Chelsea 2017. Miaka yote amesifiwa mapafu. Mtu anayenasa pasi nyingi hivyo anaanza kwenda kabla mpira haujapigwa, kwa sababu ameona mwili wa mpigaji umefunguka upande gani. Msikilizaji wa redio haoni lolote kati ya hayo usipomwambia, na akibaki na "mapafu" peke yake atayajaza mengine kwa alichonacho kichwani.

Ukiwa hewani na mchambuzi mwenzako akasema "hawa jamaa wana nguvu tu, akili ya mpira hawana", usimhubirie. Muulize tukio: dakika gani, uamuzi upi ulikuwa mbaya, pasi ipi ilikuwa wazi? Akiwa nalo, mjadala unakuwa wa mpira na wasikilizaji wanafaidika. Asipokuwa nalo, taja wewe tukio moja linalompinga, kwa dakika yake, kisha endelea na mechi.

Baada ya miezi miwili rudia hesabu kwa mechi nyingine tano. Zichanganye na zile za mwanzo, ondoa tarehe, na anayepanga kauli asijue zipi ni za kabla na zipi ni za baada.